Uozo wa Kitako cha Ngano na Shayiri: Ugonjwa Unaodhibitiwa Kabla ya Kupanda

Uozo wa kitako ni ugonjwa wa ngano, shayiri na nafaka nyingine za jamii hiyo, unaosababishwa na kuvu za jenasi ya Fusarium, hasa spishi iitwayo Fusarium pseudograminearum, ambayo huishi ndani ya mabua yanayobaki shambani baada ya mavuno na kuushambulia mmea mpya pale shina linapokutana na mizizi. Mahali hapo, ambapo ndipo machipukizi ya pembeni na mizizi mikuu ya mmea huanzia, panaitwa kitako, na ndipo ugonjwa ulipopatia jina lake. Mvua zikinyesha vizuri hadi mwisho wa msimu, shamba lililoambukizwa huweza kuvunwa bila mwenyewe kugundua lolote. Zikikatika wakati punje zinajaa, shamba hilohilo hutoa masuke meupe yaliyosimama wima, matupu au yenye punje zilizosinyaa zisizo na thamani sokoni. Tofauti hiyo kati ya mwaka wa unyevu na mwaka wa ukame ndiyo kiini cha ugonjwa huu, na ndiyo pia chanzo cha makosa mengi katika kuukabili, kwa kuwa kuvu hujilimbikiza katika mwaka mwema, wakati hakuna anayeitazama, kisha hasara ikaonekana katika mwaka mbaya, wakati hakuna tena la kufanya.

Nchi iliyoufahamu ugonjwa huu kwa uchungu mkubwa zaidi ni Australia, hususan ukanda wake wa kaskazini wa nafaka, unaojumuisha kaskazini mwa jimbo la New South Wales na kusini mwa jimbo la Queensland. Huko ngano na shayiri hupandwa kuanzia Aprili hadi Juni, kipindi cha kuelekea baridi, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka, ilhali sehemu kubwa ya mvua hunyesha miezi ya joto, kabla ya kupanda. Mkulima hulazimika kuiacha ardhi ipumzike ili iweke akiba ya maji, na mazao huishi kwa akiba hiyo hadi yakomae, mara nyingi chini ya jua kali la mwisho wa msimu. Mazingira hayo yanaufaa ugonjwa kwa kila namna. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba uozo wa kitako uliwagharimu wakulima wa ngano wa Australia takriban dola milioni 79 za nchi hiyo kila mwaka. Wala si tatizo la nchi moja, kwani ugonjwa huu unajulikana pia katika majimbo ya Oregon na Washington nchini Marekani, Afrika Kusini, Uturuki na Afrika Kaskazini, na mwaka 2012 uliripotiwa katika jimbo la Henan, ambalo ni miongoni mwa maeneo makuu ya ngano nchini China.

Maisha ya kuvu ndani ya mabua

Kuvu nyingi zinazoshambulia mimea husambaa kwa mbegu ndogondogo ziitwazo spora, ambazo hupeperushwa na upepo au kurushwa na matone ya mvua kutoka mmea hadi mmea, hivyo kwamba shamba safi huweza kuambukizwa na shamba la jirani kwa siku chache. Fusarium pseudograminearum huenda kwa njia tofauti. Kwa kawaida haisafiri mbali, bali hujihifadhi kama nyuzi nyembamba ndani ya masalia ya mazao yaliyopita, yaani mabua, vitako na ala za majani, na hukaa humo miaka miwili au zaidi ikisubiri mmea wa jamii yake upandwe karibu. Kinachoitoa humo ni kuoza kwa masalia yenyewe, jambo linalohitaji unyevu na joto kwa pamoja. Kwa hiyo miaka mikavu huyahifadhi mabua pamoja na kuvu iliyomo, na shamba lililopumzishwa wakati wa ukame huenda likawa na maambukizi karibu sawa na siku lilipoachwa.

Maambukizi hutokea mmea unapogusana na bua lenye kuvu huku unyevu ukiwapo juu ya ardhi. Nyuzi za kuvu hupenya kwenye kitako, kwenye kipande cha shina kinachounganisha mbegu na kitako, au kwenye ala za majani ya chini, kisha hupanda polepole kuingia kwenye shina. Hatua hii inaweza kutokea wakati wowote mmea ukiwa hai, ilimradi unyevu upo, ndiyo maana majira ya mvua nzuri huongeza idadi ya mimea iliyoambukizwa ingawa mavuno yake huonekana ya kuridhisha.

Athari ya ugonjwa hutokana na maji. Kuvu inapoenea katika sehemu ya chini ya shina huziba na kuharibu mishipa inayopitisha maji kutoka kwenye mizizi, na shina hilo huwa kama mrija ulioziba nusu: maji yakiwa mengi na hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, kiasi kinachopita hutosha mahitaji ya mmea, lakini udongo ukikauka na joto likipanda baada ya mmea kuchanua, mahitaji huzidi uwezo wa shina na suke hukauka kabla ya wakati wake. Ni lazima basi kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani kudumu kwa kuvu katika masalia, kuingia kwake ndani ya mmea, na kujitokeza kwa dalili. La kwanza hutegemea mazao yaliyotangulia, la pili hutegemea kugusana na unyevu, na la tatu hutegemea ukame wa mwisho wa msimu. Kila hatua ya udhibiti hugusa moja au mawili kati ya hayo, na hakuna hata moja inayogusa yote matatu kwa ukamilifu.

Dalili na magonjwa yanayofanana nao

Masuke meupe ndiyo dalili inayojulikana zaidi, lakini si dalili ya kutegemewa. Huonekana tu mwaka ukiwa mkavu, tena yanaweza kusababishwa na mambo mengine kadhaa, kama vile baridi kali ya usiku wakati wa kuchanua, au ugonjwa mwingine wa kuvu unaoozesha mizizi, ambao huifanya mizizi kuwa myeusi na kuua mimea kwa mabaka yaliyo wazi shambani. Katika uozo wa kitako masuke meupe huwa yametawanyika, na mara nyingi mmea mmoja huwa na machipukizi yenye masuke meupe na mengine yenye masuke ya kijani.

Dalili ya kweli imo chini ya shina. Mmea ukichimbuliwa kuanzia punje zinapojaa hadi wakati wa mavuno, na ala za majani zikaondolewa, sehemu ya chini ya shina lililoambukizwa huwa na rangi ya kahawia iliyo mfano wa asali, ambayo huanzia kwenye kitako na kupanda juu kwa pingili kadhaa. Palipo na unyevu, utando wenye rangi ya waridi huweza kuonekana kwenye vifundo vya shina au chini ya ala. Rangi hiyo ya kahawia hujitokeza hata katika mwaka wa mvua ambao haukutoa suke jeupe hata moja, na kwa sababu hiyo uchunguzi wa mashina una thamani kubwa zaidi katika mwaka mwema kuliko katika mwaka wa hasara.

Nafaka hazidhuriki kwa kiwango kimoja. Ngano ya durumu, ambayo ni ngano ngumu itumikayo kutengeneza tambi na makaroni, ndiyo inayoumia zaidi, na shamba lake lililoambukizwa vikali huweza kupoteza karibu mavuno yote. Ngano ya mkate huathirika kwa viwango vinavyotofautiana kulingana na aina ya mbegu. Shayiri huambukizwa kwa urahisi kama ngano, au hata zaidi, ila kwa kuwa hukomaa mapema, mara nyingi hujaza punje zake kabla ukame haujawa mkali, na masuke meupe huwa machache. Hapo ndipo wakulima wengi hudanganyika, wakapanda shayiri katika shamba lenye ugonjwa wakidhani wanalisafisha. Mavuno huwa ya kutosha, lakini mabua ya shayiri hubaki yamejaa kuvu, na ngano inayofuata ndiyo inayolipa gharama. Oti nayo hubeba kuvu bila kuonyesha dalili nyingi, kadhalika magugu mengi ya jamii ya nyasi.

Kulijua shamba

Kwa kuwa hakuna dawa inayoweza kunyunyiziwa mmea uliokwisha kuambukizwa ikauponya, uamuzi wenye uzito ni ule unaofanywa kabla ya mbegu kuingia ardhini, na uamuzi huo hauwezi kuwa sahihi pasipo kulijua shamba. Njia ya kwanza ni kuchukua mimea sehemu mbalimbali za shamba karibu na mavuno, kuvua ala za majani na kuhesabu mashina yenye rangi ya kahawia. Mwongozo unaotumiwa nchini Australia huchukulia shamba lenye mimea iliyoambukizwa isiyozidi asilimia 10 kuwa na hatari ndogo, lile lenye asilimia 11 hadi 24 kuwa na hatari ya wastani, na lile lenye asilimia 25 na kuendelea kuwa na hatari kubwa. Njia ya pili ni maabara: huduma iitwayo PREDICTA B, iliyoendelezwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya jimbo la South Australia, hupima vinasaba vya kuvu katika sampuli ya udongo iliyochanganywa na vipande vya mabua, na kumwezesha mkulima kujua kiwango cha hatari kabla ya kupanda. Mabua hayo ni sehemu ya lazima ya sampuli, kwa kuwa kuvu hii huishi humo zaidi kuliko katika udongo wenyewe.

Mazao ya kupokezana na mistari ya kupandia

Nguzo kuu ya udhibiti ni kupokezanisha mazao, yaani kupanda zao ambalo kuvu haiwezi kuishi kwalo, ili mabua ya zamani yapate muda wa kuoza pasipo kuzalisha mengine. Katika ukanda wa kaskazini wa Australia kazi hiyo hufanywa na dengu, maharage mapana, kanola na alizeti, pamoja na mtama, ambao ingawa ni nafaka hauiendelezi Fusarium pseudograminearum. Ubora wa zao la kupokezana hutegemea jinsi linavyosaidia masalia kuoza: zao linalofunika ardhi mapema kwa majani mapana huhifadhi unyevu na joto juu ya udongo, na hivyo huharakisha kuoza kuliko zao linalochelewa kufunga nafasi. Mwaka mmoja wa zao hilo hupunguza hatari, lakini pale maambukizi yalipokuwa makubwa, au mwaka wenyewe ulipokuwa mkavu, huhitajika miaka miwili au zaidi. Sharti jingine ni kuyang'oa magugu ya jamii ya nyasi katika kipindi hicho chote, kwa sababu dengu iliyojaa shayiri mwitu haipunguzi kuvu bali huificha.

Kwa kuwa maambukizi huhitaji mmea kugusana na bua, nafasi kati ya mistari imegeuzwa kuwa chombo cha udhibiti. Mashine za kupandia zinazoongozwa na setilaiti huweza kurudi shambani kwa usahihi wa sentimita chache, na majaribio ya watafiti wa New South Wales yameonyesha kwamba kupanda ngano katikati ya mistari ya mabua ya mwaka uliopita, badala ya juu yake, hupunguza maambukizi kwa takriban nusu. Utaratibu unaopendekezwa ni kuipanda dengu kati ya mistari ya mabua ya ngano yaliyoachwa yamesimama, kisha mwaka unaofuata kuipanda ngano juu ya mstari wa dengu, hivyo kwamba ngano hairudi mahali ilipokuwa hadi baada ya miaka minne. Utaratibu huo huhitaji mabua yasimame na yasisambazwe, jambo linaloonyesha kwa nini kukatua ardhi kwa plau nyepesi au haro muda mfupi kabla ya kupanda ni kosa: huvivunja vitako vilivyokuwa kwenye mstari mmoja na kuvitawanya shamba zima, na kila mbegu inayoota hujikuta karibu na kipande chenye kuvu.

Mabua: kuchoma, kukata na kuacha

Kuenea kwa kilimo hifadhi, ambacho huacha masalia juu ya ardhi ili kuzuia mmomonyoko na kutunza maji, kumeongeza makazi ya kuvu hii, na wako wanaoona kwamba jibu ni kurudi kwenye moto. Hoja hiyo haina uzito wa kutosha. Moto huteketeza mabua yaliyo juu, lakini vitako vilivyofukiwa husalimika vikiwa na kuvu yao, na ardhi iliyoachwa wazi hupoteza maji yaleyale ambayo mmea utayahitaji wakati wa kujaza punje. Mkulima aliyechoma mabua huweza kwa hiyo kupunguza maambukizi na wakati huohuo kuongeza hasara kwa kila mmea ulioambukizwa. Kilimo hifadhi kinabaki kuwa na faida kubwa kuliko madhara yake, ilimradi kiambatane na mazao ya kupokezana; kuacha mabua huku ngano ikipandwa mwaka hadi mwaka ndiko kunakoleta maangamizi.

Jambo lililodhihirika katika utafiti wa miaka ya karibuni ni kwamba kuvu haikomi kukua mmea unapovunwa. Mvua ikinyesha juu ya mabua yaliyosimama, nyuzi huendelea kupanda ndani ya bua kavu hadi karibu na mahali lilipokatwa, na bua refu hivyo huwa ghala kubwa zaidi la maambukizi. Kuvuna kwa kukata chini katika shamba lenye ugonjwa huizuia kuvu isipande juu, lakini vipande vilivyokatwa visiachwe vikatawanya kuvu kama vilikwisha kuambukizwa. Aidha, zao fupi kama dengu likifuata baada ya ngano yenye mabua marefu, mashine ya kuvunia hulazimika kushuka chini na kuyasagasaga mabua hayo ya zamani pamoja na dengu, ikayasambaza upya kwenye mistari safi. Urefu wa kukatia unastahili basi kuamuliwa kwa kufikiria zao lijalo.

Mbegu, mbolea na dawa

Hadi leo hakuna aina ya ngano wala shayiri iliyo na kinga kamili, kwa sababu ukinzani dhidi ya ugonjwa huu hutokana na vinasaba vingi ambavyo kila kimoja huchangia kidogo, na hivyo ni vigumu kuvikusanya katika mbegu moja. Hata hivyo aina hutofautiana, na shirika la mbegu au wakala wa serikali anapotoa viwango vya ukinzani huwa anampa mkulima nafasi ya kuepuka zile dhaifu zaidi. Durumu isipandwe kamwe katika shamba ambalo halijathibitishwa kuwa safi. Kupanda mapema ndani ya muda unaokubalika kwa aina husika huuwezesha mmea kupeleka mizizi chini na kujaza punje kabla ya joto, ingawa mkulima wa maeneo yenye baridi kali ya usiku hana budi kulipima hilo na hatari ya kuchanua mapema mno.

Mbolea ya naitrojeni ikitiwa kwa wingi mwanzoni huzalisha majani mengi yanayoyamaliza maji ya udongo kabla ya suke kujaa, na hivyo huzidisha masuke meupe. Kuigawa kwa vipindi kulingana na maji yaliyopo ni salama zaidi. Upungufu wa zinki nao huongeza ukali wa ugonjwa. Vilevile minyoo midogo ya udongo inayotoboa mizizi, kama Pratylenchus thornei, huupunguzia mmea uwezo wa kunyonya maji, na inapokutana na uozo wa kitako katika shamba moja hasara huwa kubwa kuliko ya kila kimoja peke yake. Dawa za kuvu zinazopakwa kwenye mbegu hupunguza maambukizi ya mwanzo, na za kizazi kipya zina nguvu kuliko zilizotangulia, lakini haziondoi kuvu iliyo katika mabua, na zinafaa kuwa nyongeza ya mazao ya kupokezana, kamwe si badala yake.

Mwaka 2022 uliongeza somo jingine. Mvua nyingi za mwisho wa msimu mashariki mwa Australia ziliiwezesha kuvu iliyokuwa imejilimbikiza kwenye mashina kushambulia masuke yenyewe na kusababisha ugonjwa wa suke, ambao hutoa punje nyeupe au za waridi zinazoweza kuwa na sumu zinazotengenezwa na kuvu hiyo. Punje za namna hiyo zikitunzwa kuwa mbegu hupeleka kuvu katika mashamba yaliyokuwa safi, na ni wajibu kuzipima kabla ya kuzipanda.

Masomo haya yanawahusu pia wakulima wa Narok, Uasin Gishu na Timau nchini Kenya, na wa Hanang na Kilimanjaro Magharibi nchini Tanzania, ambako ngano na shayiri hulimwa kwa mvua na ukame wa mwisho wa msimu si jambo geni. Nchini Kenya watafiti wamekwisha kukuta kuvu za Fusarium, ikiwamo Fusarium graminearum, katika masuke ya ngano, na spishi hiyo hushambulia mahindi pia, hivyo mahindi hayafai kuhesabiwa kuwa zao la kusafisha shamba dhidi yake. Mkulima anayeona masuke meupe asiilaumu mvua peke yake kabla ya kung'oa mimea kadhaa, kuvua ala za majani na kutazama rangi ya shina, wala mwenye mavuno mazuri asiridhike kabla ya kufanya hivyohivyo. Ang'oe mashina leo, ahesabu, aandike kwenye daftari la shamba na kumwonyesha bwana shamba, kisha aamue mapema kama msimu ujao ni wa ngano au ni wa dengu, kwa kuwa mbegu ikishapandwa juu ya mabua yenye kuvu, kilichobaki ni kuitegemea mvua.